Mkono mmoja haulei mwana, na hiyo mingine ni ya nani?

Pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga mjini, kuna kifaa ambacho hakiuzwi dukani. Ni kibao cha urefu wa shibiri moja, kimepigiliwa vizibo vitatu vya soda, meno yakitazama nje. Ukikivuta mgongoni mwa samaki kama changu kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka mpaka usoni. Asubuhi moja ya Jumanne, saa mbili kasoro, nilimpa mtoto samaki wangu wanne anipasulie na kuwapara. Namkadiria miaka kumi na mmoja. "Shikamoo ami," akasema, akawapokea, na kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta pa kushika alikuwa ameshamaliza: magamba yametoka, matumbo yametolewa kwa kidole gumba, samaki wamesuuzwa kwenye ndoo na kufungwa kwenye gazeti. Nikampa mia tano. Nyuma yake, kwenye msumari, kilining'inia kiroba kitupu cha unga, na mdomoni mwa kiroba hicho ilichungulia kaptura ya bluu na kola ya shati jeupe. Sare ya shule. Kengele ilikuwa imeshagongwa.

Isimulie asubuhi hiyo kwenye baraza lolote la kahawa Ngamiani, utajibiwa kwa sauti moja kati ya mbili. Ya kwanza husema wazazi wa siku hizi wanazaa halafu hawalei. Ya pili huuliza serikali iko wapi. Nimezisikia zote mbili miaka nenda miaka rudi, na zote mbili zina ukweli ndani yake. Tatizo langu nazo ni kwamba kila moja inamruhusu msemaji amalize kikombe chake na aende zake. Jambo lenyewe limejifunga kama nyavu iliyonasa mwambani: ukivuta uzi mmoja kwa hasira unakaza mafundo mengine yote. Nataka tulifungue polepole.

Tuanze na namna maskini anavyohesabiwa. Kwa kawaida inahesabiwa kaya, wala haulizwi mtu mmoja mmoja. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Igawe kwa siku thelathini upate shilingi 1,644, na humo humo mna chakula, nguo, kodi, sabuni na nauli. Watanzania asilimia 26.4 walikuwa chini ya hapo. Sasa angalia hilo neno "mtu mzima". Mtoto mdogo hahesabiwi kuwa mmoja kamili. Kwa kuwa anakula kidogo, mtoto wa miaka miwili anawekwa chini ya nusu ya mtu. Kwa ugali, hesabu hiyo inaeleweka. Lakini hakuna duka linalouza nusu ya daftari, na dawa ya mtoto haishuki bei kwa sababu anayeinywa ni mfupi.

Ndiyo maana ripoti ya umaskini wa watoto iliyotolewa mwaka 2016 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na UNICEF ilipima kwa njia mbili. Kwa njia ya fedha, watoto maskini walikuwa asilimia 29. Kwa njia ya pili hawakuuliza nyumba ina shilingi ngapi. Waliuliza mtoto huyu mwenyewe anapata nini: lishe, afya, elimu, ulinzi, maji, choo, makazi, habari. Anayekosa mambo matatu au zaidi akahesabiwa maskini. Idadi ikaruka mpaka asilimia 74.

Kaa na namba hizo mbili kidogo. Maana yake ni kwamba katika kila watoto mia, wasiopungua 45 wanaishi katika nyumba ambazo kwa fedha haziitwi maskini, lakini wao wenyewe wanakosa mambo matatu au zaidi ya lazima. Nyumba ina redio na simu, baba ana pikipiki, na mtoto anakunywa maji ya kisima kilichochimbwa hatua ishirini kutoka chooni. Anayehesabu fedha hamuoni mtoto huyo. Na anayesema "maskini ni wavivu" hajui kwamba baadhi ya watoto anaowasema baba yao anaamka saa tisa usiku.

Mfano mzuri zaidi uko mbali na sisi, kule Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha kuwa watoto asilimia 30 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, karibu asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa zikizunguka asilimia 50. Hiyo ndiyo mikoa inayovuna mahindi mpaka yanasafirishwa kulisha wengine. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Kinachopungua pale ni mboga, nyama, yai, maharage kwenye sahani ya mtoto, na kinachopungua zaidi ni muda wa mama. Udumavu unajengwa katika siku elfu moja, kuanzia mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, na siku hizo nyingi mama yuko shambani. Mtoto wa umri huo anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akiachwa na dada yake wa miaka saba na bakuli la uji wa asubuhi, ndilo atakalokutana nalo mpaka jioni, na huo uji umeshachacha. Hata mkoa wetu una Lushoto inayoteremsha makaroti, kabichi na viazi kwenda mpaka Dar es Salaam, na Muheza inayojaza malori ya machungwa. Wingi wa chakula mkoani ni habari ya soko. Sahani ya mtoto ina habari yake.

Turudi Deep Sea, kwa sababu pale pana jambo ambalo takwimu za mwaka haziwezi kulionyesha: kipato cha nyumba za pwani kinakwenda na mwezi, na sizungumzii mwezi wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, dagaa huifuata taa na nyavu hujaa. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi na vyombo vinalala. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi wa dagaa ina wiki za kula na wiki za kukopa, kila mwezi, maisha yote. Juu ya hapo kuna misimu. Kaskazi ikivuma bahari ni tulivu. Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, mwenye ngalawa ndogo hukaa ufukweni siku nyingi akitazama mawimbi. Ukimwuliza mtafiti, wastani wa mwaka wa nyumba hiyo unaweza kuwa juu ya mstari wa umaskini. Mtoto hali wastani. Anakula kilichopo leo.

Na kwenye wiki za kukopa ndipo ughali wa umaskini unapoonekana. Nenda dukani jioni mitaa ya Makorora au Mikanjuni usimame pembeni. Utaona mtoto ametumwa unga robo, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, chumvi ya mia. Mwenye uwezo hununua mafuta dumu zima na mkaa gunia. Piga hesabu ya kopo kwa kopo mpaka gunia liishe, utakuta mnyonge amenunua gunia hilohilo kwa bei kubwa kuliko tajiri. Hana kosa la akili. Hana tu shilingi za gunia siku moja. Ikitokea dharura, homa au msiba, kuna ile mikopo ambayo mtaani tumeipa jina lake halisi, kausha damu, inayorejeshwa kila siku au kila wiki na ambayo mkopeshaji yuko tayari kuchukua godoro. Nimeona godoro la mtoto likitoka mlangoni kichwani kwa mtu mzima mwenye daftari la marejesho, mchana kweupe, na majirani tukiwa tumekaa. Mimi nilikuwa mmojawapo.

Nyumba inapoteleza hivyo, kuna mpangilio wa vitu vinavyoachiliwa. Kwanza kuku. Halafu baiskeli, na mtu wa Tanga akiuza baiskeli ujue hali ni mbaya. Halafu khanga mpya za sandukuni. Vikiisha, nyumba ina kitu kimoja zaidi kinacholeta fedha, nacho ni muda wa mtoto. Hapo ndipo yule wa kibao cha vizibo anapoingia. Alfajiri vyombo vya dagaa vikirudi, anabeba ndoo kutoka majini mpaka mezani kwa mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza. Jua likipanda anapara samaki. Anaondoka na elfu moja na mia tano, siku nyingine elfu mbili, na hiyo ndiyo mboga na unga wa watu watano. Mama yake akimkataza leo, usiku hawali. Tunaposema "amemtuma mtoto kazini" tunazungumza kana kwamba alikuwa na njia nyingine mezani akachagua hii.

Utafiti wa ajira kwa watoto wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wa umri wa miaka 5 hadi 17 Tanzania Bara wakiwa katika ajira ya watoto, sawa na asilimia 28.8, walio wengi wakiwa kwenye kilimo. Sisemi kila kazi ya mtoto ni dhuluma. Nimelelewa kwa kuteka maji, kufagia uwanja na kutumwa dukani, na nawashukuru walionilea. Sheria nayo inajua tofauti hiyo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyomdhuru wala kumzuia shule. Mpaka uko hapo. Kazi inayomfundisha mtoto huisha na kumwachia siku yake. Inayomla huanza kabla hajaamka vizuri na kumtoa darasani.

Na kabla hatujamtazama sana mama wa Deep Sea, tutazame ndani mwetu. Katika nyumba nyingi za mjini, Tanga na Dar es Salaam, kuna binti aliyeteremshwa kutoka Lushoto, Korogwe au Handeni. Tunamwita dada. Wa kwanza kuamka ni yeye na wa mwisho kulala ni yeye. Anamwandaa mtoto wa nyumba aende shule, anamfunga vifungo vya shati, anampa chupa ya maji, kisha anarudi jikoni, na pengine wamepishana miaka mitatu tu. Mshahara wake mara nyingi hupokelewa na mtu mwingine. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Wengi wa wanaowaweka mabinti hawa ni watu waliosoma, wanaosali, wanaochangia harusi. Tukisema jamii inawajibika kwa umaskini wa watoto, hii ndiyo sehemu ambayo haihitaji bajeti ya wizara wala mfadhili. Inahitaji mwenye nyumba aulize umri, na akijibiwa kumi na tatu amrudishe binti shule kwa nauli yake mwenyewe.

Shule ndiyo mahali pa matumaini mengi, na ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi wa nani alipe nini. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 watoto wakamiminika madarasani. Ni hatua kubwa, na anayesema haikusaidia hakuwahi kumwona mzazi akirudishwa getini na mwanawe kwa sababu ya ada. Lakini bila ada haimaanishi bila gharama. Waraka Namba 3 wa 2016 ulifafanua kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Gawanya 6,000 kwa siku 194 za masomo. Haifiki shilingi 31 kwa siku, na ndiyo ya chaki, mitihani, ukarabati na utawala.

Sasa uji. Kwa bei niliyonunulia unga wiki hii, kilo ya unga wa sembe inatoa vikombe ishirini hivi vya uji. Ukiongeza sukari, kuni na kitu kidogo cha mpishi, kikombe kinakaribia shilingi 150. Kwa mwezi wa siku ishirini za shule ni 3,000 kwa mtoto. Wenye watoto wanne ni 12,000. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni upo tangu 2020, na unawataka wazazi wakubaliane kuchangia. Katika kikao, wenye nafasi husema "elfu tatu tu". Wenye madeni ya kausha damu hukaa kimya, kwa sababu ni aibu kusema hadharani kwamba elfu tatu huna. Mchango unapitishwa. Na mwezi unaofuata, katika shule nyingine nimeona kwa macho yangu, waliolipa wanapanga foleni na vikombe, na wasiolipa wanaambiwa wakacheze uwanjani. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza pale, kabla ya kujua kuzidisha, kwamba yeye ni wa upande gani. Mtu akiniuliza niondoe jambo moja tu kesho asubuhi, ningeanza na foleni hiyo. Uji wa shule ama unywewe na wote, ama watu wazima tukae tena kikao.

Kuna swali ambalo wasomaji vijana hupenda kuuliza: kwa nini sisi? Kwa nini mkoa wenye bandari, reli na ardhi ya rutuba una watoto hivi? Sehemu ya jibu ni ya zamani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, na kwa miaka sabini iliyofuata Tanga ikawa ni mkonge. Wakataji walitoka mbali, Kigoma, Songea, Rwanda-Urundi, Msumbiji, wakapewa namba na kuitwa manamba. Malipo yalikwenda kwa kipande: kadi ya siku thelathini za kazi, usipoijaza hulipwi. Kambi zile zilijengwa kwa ajili ya mikono ya kukata mkonge. Familia hazikuwemo kwenye hesabu, na ardhi ilibaki ya shamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikashika soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafa, korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zikanyamaza, na mjini kiwanda cha mbolea na vingine vikafunga milango. Wajukuu wa manamba walibaki kambini, hawana kipande na hawana ekari. Mtoto anayezaliwa leo katika nyumba kama hizo anarithi hesabu iliyopigwa na watu ambao hawakuwahi kumfikiria. Hilo pekee linatosha kuifanya nchi iwe na deni kwake, deni la haki kabla ya huruma.

Sasa methali. Wazee wamesema mkono mmoja haulei mwana, na tunaipenda mpaka tumeiandika kwenye khanga. Udhaifu wake uko kwenye namna tunavyoitumia. Tukisema kulea ni kwa wote bila kutaja mkono upi unashika wapi, kila mmoja anaamini mwenzake ameshika. Mtoto anaanguka katikati ya watu wengi wenye nia njema. Sheria ya Mtoto, ambayo wengi tunadhani ni ya mahakamani tu, imejaribu kuigawa mikono hiyo. Mzazi ana wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na hata nafasi ya kucheza. Kifungu cha 94 kinaipa serikali ya mtaa na halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa kila mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 ndicho kinachonigusa: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa. Wajibu, kwa maana ya sheria. Namba 116 ya simu ya mtoto ipo na haitozwi. Sisi tunaojua habari za kila nyumba ya mtaa mpaka kilichopikwa jana, hili la mtoto tunasema ni mambo ya watu.

Naielewa hofu hiyo. Watu wanadhani kuripoti ni kumfunga mama wa watu. Kwa mzazi anayempiga mtoto au kumuuza, ndiyo, polisi. Kwa nyumba iliyoshindwa, taarifa inapaswa kufungua mlango mwingine, na mlango huo upo, ingawa ni mwembamba. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza kuendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezeka kwa kaya yenye watoto wanaosoma na wanaohudhuria kliniki, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Ni fedha kidogo. Lakini rudi kwenye hesabu ya uji na utaona inachoweza kufanya kwa nyumba ambayo kikomo chake ni elfu tatu. Kuna pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotakiwa kukopeshwa bila riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kikundi cha mama karanga kikiupata mkopo huo, yule mwenye daftari na godoro hana wa kumkopesha. Mara nyingi kinachokosekana ni katiba ya kikundi, akaunti ya benki na mtu wa kuwaandikia barua. Barua inaandikwa kwa nusu saa na mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne.

Na sadaka? Tanga ni mji wa kutoa, sitaki mtu adhani nadharau. Ramadhani mtaani hakuna anayekosa futari, na Maulidi sinia zinazunguka. Lakini huruma yetu ina mambo mawili yanayonisumbua. Inamtafuta yatima, wakati watoto wengi maskini niliowataja wana baba na mama wazima. Na inakuja kwa msimu, kama kaskazi. Mwezi wa Shawali ukiingia, sufuria kubwa zinarudishwa stoo. Msikiti, kanisa au chuo kikiamua kwamba mchango wa mwaka mzima ulipe vikombe vya uji vya watoto kumi ambao wazazi wao walinyamaza kikaoni, bila majina kutangazwa, itakuwa kazi ndogo kuliko shughuli moja ya harusi na itadumu zaidi.

Nilimaliza kuandika mpaka hapo nikahisi nawafundisha watu kitu ambacho sijakifanya. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee wa makamo ambaye tunaheshimiana, nikamweleza habari ya mtoto wa Deep Sea. Akafungua daftari lake, akashika kalamu, akaniuliza: anaitwa nani? Nilikuwa nimempa samaki mara nne tangu mwanzo wa mwaka. Sikujua jina.

Nilirudi sokoni siku iliyofuata. Ilikuwa mbalamwezi, meza tupu, vyombo vimelala upande. Nikasubiri mpaka giza liliporudi. Safari hii nilianza na jina, halafu darasa, halafu shule, na nikamwomba anipeleke kwa mama yake. Mama alikuwa anakaanga. Hakukasirika. Alifuta mkono kwenye khanga, akanipa kigoda, akasema tu kwamba amechoka kuitwa shuleni kwa sababu ya mtoto huyu.

Jumatatu tukaenda watatu, mama, mwenyekiti na mimi. Mwalimu wa darasa la tano alitupokea vizuri, akatoa daftari la mahudhurio na kulifungua mezani. Mstari wa mtoto ulikuwa rahisi kuusoma. Siku tisa mfululizo yupo. Kisha hayupo, hayupo, amechelewa, hayupo, zaidi ya wiki mbili. Kisha siku kumi yupo tena. Mwezi baada ya mwezi, hivyo hivyo, kama mtu amechora. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mtoro. Mwenyekiti, ambaye ujanani alivua, aliweka kidole kwenye ile mistari mitupu, akakivuta polepole kutoka Februari mpaka Mei.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni siku za giza."